Mtaa Uliovaa Suruali

Buyenzi, Bujumbura
14 Agosti 2023

Kwako Khadidja, binti ya dada yangu, mufungwa wa madame wa Muscat,

Salamu nitaziruka, juu nikianza nazo karatasi itaisha. Majirani wote wa avenyu wanakusalimia na kila mutu anataka jina yake iandikwe. We jua tu mi niko muzima. Magoti yamekataa kazi, mudomo ungali unafanya.

Usiniambie tena nitafute telefone. Madame yako anafungia yako mu kabati, sasa mi nikipiga nitaongea na kabati? Barua ni nzuri. Mwanamuke anayekuja huko kutafuta kazi anaiweka mu sakoshi, inafika. Na tena barua haina pa kukatia. Mu telefone ulikuwaga unanikata nikianza tu kuingia mu utamu.

Bon. Kazi uliyonituma nimeifanya. Mama yako Adija, tangu Rusizi ipande Gatumba na kumeza nyumba yake, analala mu chumba yangu ya nyuma, pale nilipokuwa natengenezea baisikeli za watu. Anasema ninakoroma. Namwambia apana, ni muto umemufuata. Hacheki. Anataka mulango wake, afungue mwenyewe, afunge mwenyewe. Njo hapo Moubarak anaingia, yule komisioneri anayetembea na funguo za nyumba zisizo zake.

Ametupeleka Kinindo. Usishituke, haiko villa. Villa iko mbele. Hii njo jiko na nyumba ya boyi wa zamani, mwenye villa ameikata na ukuta akaifungulia mulango ku kabarabara ya chini, upande wa ziwa. Vyumba viwili, saloni, choo ya ndani. Mama yako amevuta maji ya choo mpaka Moubarak akamwomba aache. Bei iko chini mpaka nikaona haya kuipunguza. Nikaipunguza tu.

Sasa cheka kidogo. Nyumba zote za ile kabarabara zimevaa suruali! Kwetu Buyenzi chini ya ukuta tunapaka rangi ya kahawa mpaka ku goti, kuficha matope na mikono ya watoto. Wao wamepaka mpaka ku kiuno, nyumba zote, fundi mumoja, juu yake nyeupe. Nikamwambia Moubarak hawa watu wana mapatano, hata nyumba zinavaa uniforme. Moubarak akakohoa.

Na nimeuliza, usiseme sikuuliza. Jirani ni Mama Marguerite, mujane, mutu wa kanisa. Nikasema: "Mama, ziwa inafikaga hapa?" Akaangalia ziwa. Iko mbali, imelala kama mulevi wa Jumapili. "Maji, muzee? Tungeipata wapi? Hata bomba inakauka wiki nzima." Tukacheka. Yaani mi nikacheka, yeye akafunga mulango.

Sema neno, tununue ao tuache.

Mjomba wako anayekoroma,
Twahiru


Muscat
22 Septemba 2023

Mjomba Twahiru,

Asalam aleikum. Barua yako Laure, yule mwanamke uliyempa, ameniletea ndani ya mfuko wa mchele. Nimeisoma jikoni na mwenzangu wa kazi, Chanelle wa Musaga. Amecheka mpaka madame akaja kuuliza nani amekufa.

Lakini sasa nisikilize. Mimi sikucheka uliposema upande wa ziwa. Nilimwona mama Gatumba amesimama juu ya meza, mkono mmoja Kurani, mkono mwingine sufuria, na maji yanazunguka meza kama yanamtafuta. Sitaki kumwona hivyo tena. Pesa ninayotuma ni ya kuosha mgongo wa mama mkwe wa madame na kulala kwenye sakafu ya jiko. Sikuitafuta ili niwanunulie samaki nyumba.

Hapa mwaka wangu wa kwanza kilipita kimbunga. Maji yaliingia mpaka vitandani. Madame hakulia. Alipiga simu, wakaja watu wa bima, wakapiga picha kuta na mazulia, wakalipa. Nilishika ufagio nikiwaangalia, nikasema kumbe kuna watu maji yakiingia kwao yanatoka na yote yanarudi kama zamani.

Basi nenda kwenye biro ya asiransi, hao hao wa bima, mjini. Waulize hivi: hii nyumba, ziwa likipanda, mtalipa? Wakisema ndiyo, tununue. Wakisema apana, tuache, hata kama choo ni ya dhahabu. Wale wanajua. Wao hawaweki pesa yao mahali maji yanapofika.

Nijibu kwa neno moja, Mjomba. Bila masihara yako.

Khadidja


Buyenzi
28 Oktoba 2023

Khadidja mwenye haraka,

Unaomba neno moja. Sina. Mi nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primeri, na pale walikuwa wanatufundisha sentensi nzima.

Nimeenda. Nimevaa kanzu ya Idi na viatu vya jirani yetu marehemu Seifu vinavyonibana, ili wasinifukuze ku mulango. Biro iko na baridi ya mashini, mutu anaweza kuuza nyama mule. Wakanikalisha mbele ya kijana Fortunat, kravati mpaka ku kitovu. Akasema: "Karibu, muzee, tukulinde."

"Nyumba iko wapi?"

"Kinindo."

Akatabasamu, akachukua biki aandike.

"Kinindo ya wapi?"

"Ya chini."

Biki ikapunguza mwendo.

"Ya chini, kabarabara gani?"

"Ile ya nyumba zenye suruali."

Akaweka biki ku meza polepole, kama mutu anayeweka yai. "Muzee, moto tunalipa. Mwizi tunalipa. Radi tunalipa. Ziwa, apana. Kwa ile kabarabara, apana kabisa."

Nikamuuliza: ziwa ikiingia imebeba mwizi, mutalipa mwizi? Akanyoosha kravati. Nikamuuliza: na kiboko? Kiboko wanatembeaga kule jioni, hata wewe unajua. Kiboko akiingia mu saloni, tumuhesabu ni mwizi ao ni maji? Akafungua kitabu yake, akatafuta, wallahi akatafuta! Akasema: "Kiboko hajaandikwa."

Kwa hiyo jibu yako njo hii: moto ndiyo, mwizi ndiyo, kiboko bado wanafikiri, ziwa apana. Nyumba ikiungua tumekuwa matajiri. We huko karibu na Makka, omba dua ziwa ishike moto.

Mama yako, yeye alishahamia na kichwa, mwili tu njo umebaki Buyenzi. Ameshachagua ukuta wa kibla na mahali pa musala. Tukienda kuangalia anakaa ku mulango, anaufungua, anaufunga, anaufungua. Nikimukumbusha maji ananiambia Rusizi ni muto wa fujo, lakini ziwa ni maji ya adabu, inakaa pale Mungu aliiweka. Moubarak anasema kuko mutu wa Kigobe, kule kwa matajiri, anataka kulipa wiki ijayo. Kila komisioneri ako na mutu wake wa Kigobe.

Sema we. Mi nimemaliza, viatu vya Seifu vimeniua.

Twahiru, mutu ambaye kiboko wake hajaandikwa


Muscat
2 Desemba 2023

Mjomba,

Kiboko hajaandikwa! Chanelle ameomba nimsomee tena, na tena. Sasa madame akitukataza kitu tunaambiana kwa Kiswahili, "hajaandikwa," na tunakufa kwa kicheko.

Lakini nakujua. Biro hukufika. Ulikaa kwenye kahawa na wazee wenzako wa Buyenzi mkatunga, mmoja akaweka kravati, mwingine akaweka yai. Mtu wa asiransi gani anatafuta kiboko kwenye kitabu?

Laure alinipa simu yake kidogo, nikampigia Moubarak. Amesema asiransi inafanywa baada ya kununua, hakuna shida yoyote, jina la mwenye nyumba ndilo wanalotaka. Amesema pia wewe unachelewesha kwa sababu mama akiondoka hutapikiwa. Hilo nimeliamini, nisamehe.

Sina muda, Mjomba. Madame anataka nitie sahihi nyingine ya mkataba, na mimi nataka kurudi nyumbani, niingie kwenye nyumba ambayo mama anafungua mlango. Pesa, Moubarak ameshapata njia ya kuipokea. Nunua.

Khadidja wako


Buyenzi, lakini leo naandika nikiwa Kinindo
11 Februari 2024

Khadidja,

Biro nilienda. Kravati ilikuwa kravati ya kweli. Lakini mi niliposoma barua yako kwa sauti, mama yako alisikia "nunua" na hakusubiri jina yako ya chini. Akaanza kufunga sufuria. Nikasema Adija, ngoja, kijana wa asiransi alisema apana. Akanijibu: "We tangu lini unasema ukweli?" Na mi, sikubishana sana. Dada yangu alikuwa anaimba. Tangu Gatumba hakuimba.

Tumenunua, mama yako amehamia, tumefanya dua ya nyumba. Wazee wa Buyenzi wamekuja, muke ya muzee mumoja amepika pilau, nimekula yangu na ya mutu aliyechelewa. Majirani wa kabarabara wote wamekuja, wakristo kwa waislamu, kila mutu na sahani. Marguerite ameleta ndizi na kikapu ya ndagala, samaki ndogo za ziwa. Sijaona watu wapole hivi. Wanamuangalia mama yako kama watu wanaoangalia mugonjwa asiyejua.

Kitu kimoja kilinichekesha. Uwanja wote uko na viti, na ziwa inapendeza, na hawa watu wote wamekaa wameipa mugongo.

Mvua imeanza, lakini ya kawaida.

Twahiru


Buyenzi
6 Julai 2024

Khadidja,

Mama yako muzima. Nimeiweka mbele ili uendelee kusoma.

Umeleta barua mbili na sikujibu. Nilikuwa nangoja nipate kitu cha kuchekesha ndani yake, nikitafuta, sikipati.

Ziwa ilikuja na adabu, kama mama yako alivyosema. Rusizi ilivunja mulango Gatumba. Hii ilibisha hodi. Mwezi wa tatu iko mu mufereji. Mama yako akafagia, ikarudi. Mwezi wa ine iko ku ngazi. Halafu choo, ile choo ya ndani, ikaanza kurudisha vile ilivyopewa, vyetu na vya villa ya mbele. Akaweka matofali chini ya kitanda. Kesho yake matofali mengine. Nilimwambia toka. Akasema akitoka watamuibia mulango.

Nilimutoa na mutumbwi. Ndiyo, mutumbwi, mu Kinindo, tukapita mu kabarabara, mwenye mutumbwi anapiga kasia ku geti za watu. Kiboko alikuwa amesimama mu uwanja wa villa, anakula maua ya tajiri. Sikumuuliza kama ameandikwa. Mama yako alishika ufunguo mu mukono mpaka ukamuchora.

Maji imekaa hadi mwezi wa sita. Ilipotoka nilienda kuangalia. Rangi ya kahawa imebanduka kama ngozi ya mutu aliyeungua. Na ku ukuta imebaki mustari ya kijani, imenyooka, hakuna fundi anaweza. Palepale suruali inapoishia. Chini ya rangi iliyobanduka nikaona mustari ingine, ya zamani. Na chini yake ingine. Nikatoka nje. Ya Marguerite, palepale. Ya mbele yake, palepale. Unaelewa? Ile haikuwa uniforme. Kila maji ikitoka wanapaka juu yake, wote, siku moja, ili nyumba moja isitoe siri ya zingine.

Marguerite alikuwa anakwangua yake. Nikamwambia: "Mama, uliniambia bomba inakauka."

Hakugeuka. "Na mi nilipokuja waliniambia hivyohivyo, muzee. Aliyeniambia ako Gitega sasa, mahali pakavu."

"Wewe mutu wa kanisa!"

"Nikisema, nani atanunua yangu? Na yenu mutamuuzia nani?" Halafu akanionyesha bidoni ya rangi. "Fundi anakuja Jumanne. Tukiwa wengi anapunguza."

Mi, Twahiru, niliondoka bila kumutania. Iandike mahali.

Mama yako amerudi mu chumba ya baisikeli. Hasemi tena kwamba ninakoroma.

Mjomba wako


Muscat
19 Agosti 2024

Mjomba,

Chanelle amenishika nisipige kelele.

Kwa nini hukuniambia?

Najua utasema uliniambia. Nimezitoa barua zako chini ya godoro, nimezisoma zote. Yote yamo. Kravati, biki, apana. Ulinitumia kifo cha nyumba yangu kimevaa nguo za harusi. Mtu akikwambia "nyoka" huku anacheka, utaruka? Mimi nimefungiwa jikoni, sioni uso wako. Nilikuwa na barua tu, na barua ilikuwa inacheka.

Sikulaumu peke yako. Najilaumu nilivyocheka.

Nimetia sahihi nyingine kwa madame. Usimwambie mama, mwambie ndege zimepanda bei.

Sasa fanya hivi. Yule fundi wa Jumanne, mwite apake na yetu. Mwambie Moubarak aiuze, msimu huu wa kiangazi, kabla mvua hazijarudi. Na mtu akija kuangalia, wewe kaa Buyenzi. Kama huwezi kukaa Buyenzi, nyamaza. Mara hii usiseme kitu, si cha kweli wala cha kuchekesha. Ni nyumba ya mama, hatuna nyingine ya kuuza. Najua ninachokuomba. Wengine wote wa mtaa huo walikijua pia.

Khadidja


Buyenzi
29 Septemba 2024

Khadidja,

Imeuzwa.

Anaitwa Sephora, mutu wa Uvira, upande wa Kongo, anauza vitenge soko. Moubarak alitaka mama yako awepo, juu nyumba yenye mama ndani inaonekana nyumba ya heri. Na mama yako hangeweza kwenda peke yake. Kwa hiyo nilikuwepo. Nilikaa ku ngazi, nikauma ulimi kama ulivyosema.

Yule mama si mujinga. Alipiga ukuta na ngumi. Alinusa vyumba. Akafungua bomba. Halafu akaja akasimama juu yangu, akasema: "Baba, mi nimekimbia maji ya Uvira, nimekimbia masasi ya vita ya Uvira, nimechoka kukimbia. Niambie we, mutu mukubwa. Ziwa inafikaga hapa?"

Moubarak akaanza kukohoa.

Mi sikuweza kunyamaza, Khadidja. Na kusema apana sikuweza, ananiita baba. Nikafungua mudomo, na unajua mudomo yangu vile inafunguka.

"Inafika, mama! Inafika mpaka hapa ku kiuno, suruali ya nyumba njo kipimo yake. Mwezi wa ine haubebi kikapu kwenda soko, samaki inakuja yenyewe mu saloni, unaichagua na unairudisha kama ni ndogo. Choo inakurudishia yako na inakuongezea ya tajiri wa mbele. Wa asiransi, ukimutajia hii kabarabara, anaweka biki chini kama yai. Na kiboko umukaribishe vizuri, ni mutu wa mtaa, amekutangulia."

Akacheka. Khadidja, alicheka mpaka akashika ukuta, pale penye rangi mupya, na mukono ukatoka na kahawa. Machozi yanatoka. Anasema: "Ah muzee, tangu Uvira sikucheka hivi!" Moubarak naye akacheka, kwa nguvu, kama mutu anayefukuza kuku.

Neno hata moja halikuwa ya uongo. Nimemuhesabia Mungu kila moja.

Lakini sitakudanganya. Wakati nilikuwa nakuandikia we, sikujua. Nilikuchekesha tu, vile nachekesha kila mutu. Mara hii nilijua. Nilijua atacheka kabla ya kufungua mudomo, na nilifungua.

Mama yako alikuwa mu saloni, alisikia yote. Alitoka. Akamuangalia yule mama anayefuta machozi, akafungua mudomo, nikasema sasa, Adija atasema, Adija hajui kuchekesha, wataamini.

Akamuuliza kama anakunywa chai na sukari.

Pesa iko kwa Moubarak, ameshakata yake. Mahali pakavu, huko mulimani, haitoshi hata ukuta. Itatosha kukodisha kwa muda.

Twahiru


Muscat
17 Novemba 2024

Mjomba,

Nimesoma barua yako kimya. Chanelle aliomba nimsomee, nikamsomea pale pa samaki anayerudishwa kama ni mdogo. Akaanguka kwa kicheko, akashika mlango wa friji. Nikamwangalia. Ndiyo nikamwona yule mama wa Uvira, jinsi alivyokuwa.

Nilikuomba unyamaze. Ungenyamaza ningekuwa mimi ndiye niliyeuza. Sasa sijui ni nani.

Pesa zikae. Usinitumie hesabu yake.

Kabla ziwa halijapanda, nenda kwake. Mwambie. Nyumba imeshauzwa, hakuna atakachodai kwetu, na akidai, adai. Mwambie atoke. Mwambie kama mtu anayetangaza msiba. Na mimi kuanzia leo niandikie hivyo hivyo. Usinichekeshe tena, tafadhali, hata ukiwa na cha kuchekesha.

Khadidja


Buyenzi
13 Aprili 2025

Khadidja,

Umesema nisichekeshe.

Mama yako anakohoa tangu mwezi wa pili. Amelazwa, ametoka. Nilichelewa kwa Sephora kwa sababu hiyo, na kwa sababu niliogopa.

Mvua haikomi. Ziwa iko mu mufereji. Jana nilienda kwa miguu, juu mafuta hakuna na basi hazipiti. Sephora amemuleta mama yake kutoka Uvira. Ni kipofu. Analala chumba ya nyuma, ile ya upande wa maji.

Nilivua kofia. Nilisimama mbele yake. Sikutabasamu. Nikasema: "Mama, chukua mama yako mutoke leo. Maji inakuja. Ile yote niliyokuambia siku ile ni kweli."

Alianza kucheka nikiwa bado ku "mama." Akaita ndani: "Maman, njo yule muzee niliyekuambia, amekuja!"

Nikarudia. Nilirudia polepole, kila neno peke yake. Nililia, Khadidja. Akashika mbavu, akasema muzee huyu atatuua.

Yule kipofu naye akatoka akipapasa ukuta, anacheka, anauliza niko upande gani.

Wakaniletea kiti.

Twahiru